Injinia akihama, chipu nayo inahama

Kama uliwahi kuishika Nintendo GameCube, ile mashine ya gemu ya kiboksi cha zambarau iliyotoka 2001, pale mbele pembeni kuna stika ndogo imeandikwa ATI. Mtu akiiona hiyo stika moja kwa moja anajua ATI ndo waliotengeneza chipu ya grafiksi iliyomo ndani. Hapana. Chipu ile inaitwa Flipper, na siku ATI wanakuja na hela zao kazi kubwa ya kuisanifu ilishafanywa na kikundi cha watu ambao miaka michache nyuma walikuwa wanakula mshahara wa Silicon Graphics, kampuni nyingine kabisa, na watu haohao mwaka mmoja baada ya GameCube wakatoa Radeon 9700, kadi ya grafiksi ya kompyuta ambayo iliwatoa jasho washindani wao Nvidia mpaka Nvidia wakakaa zaidi ya mwaka hawana jibu la maana. Kwahiyo stika inasema ATI, lakini ubongo ulitoka kwingine, na ulikuwa njiani unaelekea kwingine tena.

Hilo ndo nataka tulifungue leo taratibu. Tukiongelea kadi za grafiksi tunaongea kama Simba na Yanga, Nvidia wako hivi, AMD wako vile, kana kwamba kampuni ni mtu mmoja mwenye kichwa kimoja kinachokumbuka kila kitu. Kampuni haikumbuki, watu ndo wanakumbuka. Na kwenye hii biashara watu wamehama sana, tena kwa makundi, kiasi kwamba ukitaka kuelewa kwanini chipu fulani iko vile ilivyo usianze na jina lililoandikwa juu ya boksi, anza na kuuliza walioisanifu walikuwa wapi miaka 5 kabla na ni kitu gani kiliwaumiza huko.

Kwanza kazi yenyewe, kwa sababu bila hiyo mengine hayataeleweka. Kila unachokiona kwenye gemu ya 3D, gari, ukuta, sura ya mtu, kimeshonwa kwa pembetatu nyingi ndogondogo. Kazi ya kwanza ya chipu ni hesabu, kamera imesogea, basi kila ncha ya kila pembetatu ihesabiwe upya itaangukia wapi kwenye skrini. Kazi ya pili ni kujaza, ndani ya pembetatu kuna pikseli na kila pikseli itafutiwe rangi yake, na rangi mara nyingi inatoka kwenye teksicha, yaani picha iliyovalishwa juu ya umbo kama kitambaa juu ya kochi. Kazi ya tatu ndo inayotoa watu machozi, memori. Teksicha zimekaa kwenye memori, picha inayochorwa imekaa kwenye memori, umbali wa kila pikseli umeandikwa kwenye memori, na vyote hivyo vinasomwa na kuandikwa mara 30 au 60 kila sekunde. Hesabu zenyewe chipu inaziweza. Kuleta data kwa wakati ndo shughuli.

Fikiria fundi gereji ambaye mikono yake ina kasi ya ajabu, lakini kila nati anayoihitaji lazima amtume dogo dukani. Hata ukimpa mikono minne hatamaliza gari haraka, atasimama tu na spana mkononi anamsubiri dogo. Ushike huo mfano, tutaurudia.

Sasa chimbuko. Mwaka 1974 Jim Clark alimaliza udaktari wake wa falsafa pale Chuo Kikuu cha Utah, sehemu ambayo Ivan Sutherland na David Evans walikuwa wameigeuza kuwa kitalu cha watu wa grafiksi za kompyuta. Baadaye akiwa Stanford, yeye na wanafunzi wake wakatengeneza chipu waliyoiita Geometry Engine, kazi yake ni ile hesabu ya ncha za pembetatu niliyoisema, ikifanyika kwenye silikoni yenyewe badala ya programu. Wakatoka nayo wakaanzisha Silicon Graphics, SGI kwa kifupi, mwanzoni mwa miaka ya 80, na kwa karibu miaka 15 ukitaka kuona 3D ya kweli ikitembea laini mbele ya macho yako ilibidi usimame mbele ya mashine ya SGI. Watu wa sinema, watu wa ndege, watu wa jeshi. Mashine zao kubwa kama RealityEngine na InfiniteReality zilikuwa na bei ambayo mtu wa kawaida hata haiulizi.

SGI walikuwa na mambo mawili kwa pamoja. Walikuwa na kundi kubwa la mainjinia wa 3D kuliko karibu kampuni yoyote ile, na walikuwa na biashara ambayo isingeweza kukubali kuuza kitu hichohicho kwa dola 300. Injinia anayejua kabisa kwamba hili jambo linawezekana kwa bei ndogo, na anajua bosi wake hawezi kuliruhusu maana litaua mauzo ya mashine kubwa, huyo injinia ataondoka tu. Na California inamruhusu. Kuna kifungu cha sheria pale, namba 16600, msingi wake ni wa tangu 1872, kinachosema mkataba wa kumzuia mtu asifanye kazi yake ya halali ni batili. Yaani unaacha kazi Ijumaa na Jumatatu uko kwa mshindani, barabara ileile, watoto shule ileile. Mountain View, Santa Clara na San Jose ni miji iliyoshikana, mtu anabadilisha kampuni bila kubadilisha nyumba. Ndo maana hadithi hii karibu yote inazunguka kwenye bonde moja.

Lakini hapo kuna mstari. Kilichomo kichwani ni chako, mafaili ni ya mwajiri. Mwaka 2013 AMD waliwashtaki wafanyakazi wao wanne wa zamani waliokwenda Nvidia, wakidai wamebeba nyaraka zaidi ya 100,000. Hilo ni jambo jingine kabisa na silo ninaloliongelea hapa. Na kwa kweli naamini nyaraka zina thamani ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mchoro unakuonyesha kilichofanyika, haukuonyeshi vile vitu kumi vilivyojaribiwa vikashindikana kabla yake. Hivyo kumi ndivyo vilivyoko kichwani mwa aliyeshindwa navyo, na ndivyo anavyohama navyo.

Waliotoka SGI mapema na wakatikisa ni 3dfx. Scott Sellers, Ross Smith na Gary Tarolli walikuwa wamepita SGI, wakapita kwenye kampuni ndogo inaitwa Pellucid iliyojaribu kuleta teknolojia ya SGI kwenye PC, kisha 1994 wakaanzisha 3dfx. Kadi yao ya kwanza, Voodoo Graphics, ikaja 1996. Ukiangalia ule muundo unaona kabisa ni watu wanaoijua mashine kubwa kiasi kwamba wanajua nini cha kutupa. Hesabu ya ncha za pembetatu wakaiacha ifanywe na prosesa ya kompyuta maana Pentium ilishakuwa na nguvu ya kutosha. Grafiksi za kawaida za 2D wakaziacha kabisa, kadi ilikuwa haiwezi hata kuonyesha desktopu ya Windows, unaiunganisha kwa waya na kadi yako ya zamani halafu inachukua skrini gemu ikianza. Kilichobaki ni kitu kimoja tu kinachofanywa vizuri, kujaza pikseli zenye teksicha, ndani ya megabaiti 4 za memori ambayo bei yake ilikuwa imeporomoka wakati huohuo. Hata lugha yao ya kuongea na kadi, Glide, ilikuwa ni ile OpenGL iliyozaliwa SGI ikiwa imenyofolewa vitu ambavyo kadi isingeviweza. Mtu ambaye hajawahi kujenga mfumo mzima asingethubutu kukata namna hiyo, angeogopa kwamba anakata mshipa.

Linganisha na Nvidia wa kipindi hicho. Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem walianzisha 1993, Priem na Malachowsky wakitokea Sun Microsystems, Huang akitokea LSI Logic. Chipu yao ya kwanza NV1 ya 1995 haikutumia pembetatu, ilitumia maumbo yenye mikunjo. Wazo lilikuwa na akili yake lakini Microsoft walipoleta Direct3D, lugha yao ya gemu kuongea na kadi, wakasema pembetatu, basi, NV1 ikabaki peke yake njiani. Iliwabidi waanze upya, Riva 128 ya 1997 ndo ikawaokoa.

Nirudi kwa watu wa GameCube sasa, maana hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kabla ya GameCube kulikuwa na Nintendo 64, iliyotoka Japani Juni 1996, na chipu yake ya grafiksi ilisanifiwa na SGI. Ilikuwa kazi kubwa sana kwa wakati ule, kuchukua mawazo ya mashine za bei ya nyumba na kuyabana kwenye kitu cha kuchomeka kwenye tivii. Lakini ilikuwa na kidonda. Memori yote, megabaiti 4, ilikuwa ya aina ya RDRAM na ni moja kwa wote, prosesa inaitaka, grafiksi zinaitaka, sauti inaitaka. Aina ile ikishaanza kumimina data inamimina vizuri, ila ukiiomba kitu inachukua muda kuanza kujibu. Na ndani ya chipu, sehemu ya kuweka teksicha inayotumika kwa wakati huo ilikuwa kilobaiti 4. Nne tu. Picha ya pikseli 32 kwa 64 yenye rangi za biti 16 inaimaliza yote. Kama uliwahi kujiuliza kwanini gemu nyingi za Nintendo 64 zina kuta zenye ukungu kama zimepakwa mafuta, sababu kubwa ni hiyo, kipicha kidogo kimevutwa kimetandazwa ukuta mzima halafu kikalainishwa. Fundi wetu alikuwa na mikono mizuri, mfuko wake unaingia nati mbili, na duka liko mbali.

Mwaka 1997 watu kama 20 waliotoka SGI, wengi wakiwa wamefanya kazi ya Nintendo 64, wakaanzisha kampuni yao inaitwa ArtX, kiongozi wao Wei Yen ambaye ndiye alikuwa anasimamia shughuli za Nintendo ndani ya SGI. Mwaka uliofuata Nintendo wakawapa kazi ya mashine mpya. SGI wakawashtaki, kesi ikaja kuondolewa. Unaweza kuona kwanini SGI waliumia, wateja wameondoka na mafundi, lakini muone na upande wa Nintendo, wao walikuwa hawanunui jina, walikuwa wananunua watu ambao wanajua hasa wapi ile mashine ya kwanza ilikwama.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fungua Flipper uone watu walioumwa na memori wanavyosanifu. Memori kuu ya GameCube, megabaiti 24, wakachagua aina inaitwa 1T-SRAM ambayo sifa yake kubwa ni kujibu haraka ukiiuliza. Kisha wakachukua megabaiti 3 za memori ya namna hiyo wakaziweka ndani ya chipu yenyewe, 2 kwa ajili ya picha inayochorwa pamoja na umbali wa pikseli, na 1 nzima kwa ajili ya teksicha. Kutoka kilobaiti 4 mpaka megabaiti 1, hiyo ni mara 256. Fundi kapewa sanduku la vifaa miguuni pake, dogo wa kutumwa dukani anatumwa kwa nadra. Hakuna mtu aliyeiba mchoro wowote wa Nintendo 64 ili kufanya hivyo, tena mchoro wa Nintendo 64 ungewapoteza, kwa sababu ndani yake kilobaiti 4 zinaonekana kama uamuzi wa busara tu. Walichokibeba ni ile miezi ya kuangalia gemu zikigonga ukuta palepale kila siku.

Februari 2000 ATI ya Kanada ikainunua ArtX kwa hisa zenye thamani ya karibu dola milioni 400. Hapo ndo stika ilipopatikana. ATI wa wakati ule walikuwa wakubwa kibiashara, kadi zao zimejaa kwenye kompyuta za maofisini, ila kwenye mbio za gemu walikuwa wanafika wa pili au wa tatu. Na walifanya kitu ambacho nadhani ndo siri ya yote yaliyofuata, hawakuichukua ArtX wakaimwaga kama chumvi kwenye sufuria za wengine. Waliiacha timu ikae pamoja, palepale California, wakaipa chipu nzima iwe yake. Na Dave Orton, ambaye naye alitokea SGI na alikuwa rais wa ArtX, wakampa uongozi wa juu wa kampuni, 2004 akawa bosi mkuu kabisa wa ATI. Yaani mtu aliyenunuliwa akaja kumwongoza aliyemnunua.

Chipu waliyopewa ni R300, iliyouzwa kama Radeon 9700 Pro kuanzia katikati ya 2002. Zaidi ya transista milioni 100, mistari 8 ya kuchora pikseli sambamba, na barabara ya memori yenye upana wa biti 256. Uangalie huo upana. Nvidia wakiwa wanaandaa mshindani wake wao walichagua barabara ya biti 128 na memori ya aina mpya yenye mwendo mkali, ATI wakachagua memori ya kawaida iliyokwishazoeleka ila barabara pana mara mbili. Vivyo hivyo kwenye utengenezaji, Nvidia wakaenda teknolojia mpya ya kiwandani ya mikroni 0.13 ambayo ilikuwa bado haijatulia, ATI wakabaki kwenye 0.15 iliyokwishazoeleka na ikabidi chipu iwe kubwa lakini ikatoka kwa wakati. Kwangu mimi hayo ni maamuzi ya watu walewale wa sanduku la vifaa miguuni, usitegemee dogo atakimbia zaidi, sogeza duka.

Na kuna la namba. DirectX 9, kiwango cha Microsoft ambacho gemu za Windows zilifuata, ilitaka hesabu za rangi zifanyike kwa usahihi wa angalau biti 24. R300 ikafanya zote kwa 24, ikaishia hapo. GeForce FX ya Nvidia ikawa na njia mbili, biti 16 ambayo haifiki kiwango, na biti 32 ambayo inazidi kiwango lakini chipu inakuwa nzito, na gemu za DirectX 9 zikiitaka ifanye kazi sawasawa inaachwa nyuma. Kufika sokoni kwenyewe ilitangazwa Novemba 2002 na kadi zikaonekana 2003, na feni lake lilikuwa na kelele ya kukufanya uzime gemu.

Mimi kadi niliyoigusa ya ukoo huo ilikuwa Radeon 9600, niliitoa kwenye kompyuta chakavu, zile za mtumba zinazoshuka bandarini na mizigo kutoka Ulaya, nikaiweka kwenye mashine nyingine na ikapiga kazi miaka. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba ndani yake kuna mkono wa watu wa Nintendo 64, na tangu siku hiyo sijaweza kuangalia jina la kadi kwa jicho lilelile.

Sasa mtu anaweza kusema, basi rahisi, nunua kampuni yenye vichwa utapata chipu nzuri. Hapo ndo mfano wa 3dfx unapokuja kukataa. 3dfx walikosea kibiashara, walinunua kiwanda cha kadi cha STB wakawa wanauza kadi wenyewe, watengenezaji wengine wa kadi waliokuwa wateja wao wakakimbilia Nvidia, chipu mpya zikachelewa, na tarehe 15 Desemba 2000 wakatangaza kuuza mali zao kwa Nvidia. Mainjinia wengi wakahamia kwa waliyekuwa wanashindana naye na kushtakiana naye mahakamani. Na chipu ya kwanza ambayo Nvidia walijitapa nayo kwamba imeunganisha mikono ya timu zote mbili ni ipi? Ni hiyohiyo GeForce FX, mpaka herufi FX zilikuwa zinamkumbusha mtu 3dfx. Kundi moja la watu wa SGI likanunuliwa na ATI likaleta R300, kundi jingine lenye asili hiyohiyo likaenda Nvidia na kilichotoka ni chipu iliyopigwa na R300.

Tofauti naiona hivi. Timu ya ArtX ilianza na karatasi nyeupe na ikabaki timu. Watu wa 3dfx waliikuta kazi ya Nvidia imeshaanza kutembea, wakagawanywa humohumo, na uamuzi mkubwa kama upana wa barabara ya memori na kiwanda gani kitumike haubadiliki kirahisi mtu mgeni akiingia katikati. Ujuzi wa kushindwa unahitaji kuwepo mezani siku ya kwanza, ukija baadaye unabaki kuwa lawama. Matunda ya 3dfx yalionekana kizazi kilichofuata. GeForce 6800 ya 2004 ilikuja na mistari 16, na mmoja wa walioandika maelezo rasmi ya usanifu wa kizazi hicho ni Emmett Kilgariff, ambaye njia yake ni SGI, 3dfx, kisha Nvidia. Mwaka huohuo Nvidia wakarudisha herufi SLI, kuunganisha kadi mbili kwenye kompyuta moja. Kwa 3dfx 1998 herufi hizo zilimaanisha kadi moja inachora mistari ya witiri na nyingine ya shufwa, kwa Nvidia zikapewa maana mpya na njia mpya ya kugawana kazi, ila wazo ni lilelile limevuka barabara.

Na Nvidia walikuwa wanapata watu wa SGI moja kwa moja pia. SGI waliwashtaki 1998, Julai 1999 wakapatana, na mainjinia kadhaa wa grafiksi wa SGI wakahamia Nvidia safari hii kwa makubaliano. Mmoja aliyetoka SGI ni John Montrym, aliyekuwa kwenye usanifu wa InfiniteReality. Mwaka 2006 Nvidia wakatoa G80, chipu ya GeForce 8800, ambayo ilivunja ukuta kati ya vitengo vya kuhesabu ncha na vitengo vya kuhesabu pikseli, vyote vikawa aina moja ya vitengo vidogo 128 vinavyoweza kupewa kazi yoyote, hata isiyo ya picha. Kila kitu cha akili bandia unachosikia leo kwenye chipu za Nvidia kinapita kwenye mlango huo. Maelezo ya usanifu ule yalichapishwa 2008 na yana majina manne, na ukiyafuatilia unapata picha nzuri ya ninachokisema. Montrym, wa mashine kubwa za SGI. John Nickolls, ambaye alishiriki kuanzisha MasPar, kampuni iliyokuwa inatengeneza kompyuta zenye maelfu ya prosesa ndogo zinazofuata amri moja. Stuart Oberman, ambaye alipokuwa AMD ndo alikuwa kwenye sehemu ya hesabu za desimali ya prosesa ya Athlon. Na Erik Lindholm, aliyekuwa Nvidia muda mrefu, ambaye 2001 aliandika kuhusu injini ya ncha inayoweza kupangiwa programu pamoja na Mark Kilgard na Henry Moreton, wote wawili waliopita SGI. Chipu moja, ndani yake kuna historia ya kampuni nne.

Upande wa mtu mmoja mmoja kuna Raja Koduri, injinia wa grafiksi. Alianza S3, kampuni nyingine ya chipu za grafiksi, kisha ATI 2001 (AMD wakainunua 2006), kisha Apple 2009, kisha AMD tena 2013, kisha Intel mwishoni mwa 2017, akaondoka 2023. Intel walimchukua wiki ileile waliyotangaza prosesa yao yenye Radeon ndani, wakitaka wajenge kadi zao wenyewe, na 2022 zikatoka, Arc. Silikoni ilikuwa nzuri, ila gemu za zamani zilisumbua, kwa sababu kadi haiendeshwi na silikoni peke yake, kuna draiva, ile programu inayoifanya kompyuta iongee na kadi, na draiva ya Nvidia au AMD imebeba marekebisho ya gemu moja moja yaliyorundikana miaka 20. Hayo kichwa kimoja hakiwezi kuhama nayo hata kiwe kikubwa vipi. Intel ilibidi wayajenge mwezi baada ya mwezi, na wakayajenga kweli, kadi zilezile zikawa bora kadiri siku zinavyokwenda.

Apple nao, 2009 walimchukua Bob Drebin, aliyekuwa kiongozi wa grafiksi za GameCube, na wakachukua watu kutoka Imagination ya Uingereza ambayo grafiksi zake za PowerVR ndizo zilizokuwa ndani ya iPhone. Aprili 2017 Imagination wakatangaza kwamba Apple wanaacha kutumia teknolojia yao, hisa zao siku hiyo zikapoteza zaidi ya nusu ya thamani. Mwaka huohuo iPhone ikaja na grafiksi za Apple wenyewe. Lakini namna ya kuchora ikabaki ya kifamilia, kugawa skrini vipande vidogo na kumaliza kipande kimoja ndani ya chipu kabla ya kwenda memori, na 2020 Apple wakarudi kusaini leseni mpya na Imagination.

Hivyo vipande ndo vinanirudisha kwenye simu, maana kwetu huku watu wengi zaidi wanagusa grafiksi kupitia simu kuliko kompyuta. ATI baada ya kununuliwa na AMD 2006 walikuwa na kitengo cha grafiksi za simu, na Januari 2009 AMD wakiwa na shida ya hela wakakiuza kwa Qualcomm, watengenezaji wa chipu za simu, dola milioni 65 tu. Qualcomm wakakipa jina Adreno. Zipangue herufi uzipange upya, ni Radeon. Muundo wa kwanza ulikuwa ndugu wa chipu ambayo ATI walitengeneza kwa ajili ya Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, nayo ilikuwa na megabaiti 10 za memori karibu kabisa na mchoraji, na Adreno nayo ikaja na kijimemori ndani ya chipu kwa ajili ya picha inayochorwa kipande kwa kipande. Sanduku la vifaa miguuni pa fundi, sasa liko mfukoni mwako kama simu yako ina Snapdragon, chipu ya Qualcomm.

Ndani ya kitengo hicho kilichouzwa kulikuwa na Wafini. Bitboys, kampuni ndogo kutoka Noormarkku, mwaka 1999 waliitangazia dunia kadi inaitwa Glaze3D yenye memori megabaiti 9 ndani ya chipu, miaka miwili kabla ya GameCube kuwa madukani. Haikutoka kamwe. Watu waliisubiri mpaka ikawa kielelezo cha ahadi isiyotimia, na wenyewe wakageukia simu, ATI wakawanunua 2006, wakapita AMD, wakajikuta Qualcomm. Baadhi yao 2011 wakatoka wakaanzisha kampuni nyingine hukohuko Ufini, Siru Innovations, wakawa wanasanifu grafiksi kwa ajili ya wengine bila jina lao kuandikwa popote, mpaka Mei 2022 Intel walipoinunua ili watu hao waingie kwenye kikosi cha grafiksi, mwaka uleule Arc ya kwanza ilipoingia sokoni.